Mashine ya CPAP ipo, lakini bado anakoroma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mume wangu analala na mashine ya CPAP hapa Kigoma, ile inayompulizia hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe usingizini, na miezi ya mwanzo alikoroma vilevile kama zamani. Tangu tulipopata ufumbuzi, watu wa hapa mjini, wa Ujiji na jamaa zetu wa Tabora huniuliza maswali yaleyale. Wengi wao ni wake, waume na watoto wa watumiaji, kwa sababu mkoromaji mwenyewe hajisikii. Mimi si daktari. Pale panapohitaji daktari nimesema wazi.

## Kuelewa tatizo

Mashine hii inafanya nini hata kukoroma kuishe?

Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine njia ya hewa hubaki nyembamba, na hewa ikipenya hapo nyama laini za nyuma ya kinywa hutikisika. Mtikisiko huo ndio mkoromo. Njia ikiziba kabisa, pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha mtu hugutuka akihema, na hayo hujirudia usiku kucha bila yeye kujua.

CPAP husukuma hewa ya kawaida ya chumbani, si oksijeni, kupitia mpira na barakoa. Msukumo huo hutanua koo kama maji yanavyotunisha mpira wa bustani bomba likifunguliwa. Njia hii ilielezwa mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia. Nguvu ya msukumo hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi za nyumbani hutoa kuanzia 4 hadi 20.

Je, ni kawaida kukoroma huku umevaa barakoa?

Siku chache za kuzoea, sawa. Zaidi ya hapo, hapana. Msukumo ukifika kooni na ukatosha, hakuna cha kutikisika. Kwa hiyo mkoromo unaoendelea una habari ya kukupa: ama hewa inapotea njiani, ama inafika lakini ni kidogo kuliko inavyotakiwa. Majibu karibu yote yaliyo hapa chini yanaangukia kwenye moja kati ya hayo mawili, na kwa niliyoyaona majumbani kwa watu, mara nyingi ni lile la kwanza.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona mashine za gharama kubwa zikisukumwa chini ya kitanda baada ya wiki tatu, mwenyewe akisema haimfai. Ilikuwa inavuja tu.

Nitajuaje kama ni mkoromo kweli au ni sauti nyingine?

Kesha usiku mmoja. Zima taa, kaa karibu na kichwa chake, tochi ya simu iwe mkononi, usikilize bila haraka. Mkoromo wa kweli ni mkwaruzo mzito unaotoka kooni, na huja hasa anapovuta pumzi. Mlio mwembamba kama birika linalokaribia kuchemka ni hewa inayovuja pembeni ya barakoa, mara nyingi kwenye daraja la pua. Ukisikia "pu, pu, pu" na midomo ikipepea, hewa inatokea mdomoni. Sauti ya mtu anayemalizia soda kwa mrija ni maji ndani ya mpira.

Sogeza kiganja polepole kuzunguka barakoa. Ngozi ya mkono itahisi upepo kabla sikio halijajua unatoka wapi. Kisha rekodi kwa simu, dakika 15 baada ya kusinzia na dakika 15 nyingine karibu na alfajiri. Rekodi hizo zitamsaidia sana daktari.

Sauti ya kuogopa kuliko zote ni kimya. Akikoroma, akanyamaza, kifua kikawa kinahangaika bila hewa kupita, kisha akagutuka, mashine haimkingi. Soma jibu la swali la lini kwenda hospitali.

Kwenye kioo cha mashine nitazame namba zipi?

Mbili zinatosha. Ya kwanza imeandikwa AHI: ni mara ngapi kwa saa pumzi ilikatika au kupungua sana. Chini ya 5 ni vizuri, 5 hadi 15 ni tatizo dogo, 15 hadi 30 la kati, na 30 kwenda juu ni kubwa. Ya pili ni ya uvujaji. Baadhi ya mashine huonyesha uso unaotabasamu au ulionuna; mashine za ResMed huhesabu kuwa uvujaji ni mkubwa ukizidi lita 24 kwa dakika.

Uvujaji ukiwa mkubwa, usiiamini sana AHI ya usiku huo, maana mashine yenyewe inakuwa haimsikii vizuri anayelala. Rekebisha uvujaji kwanza, kisha usome upya. Kama mashine ina kadi ya kumbukumbu, ibebe unapokwenda kwa daktari. Ipo pia programu ya bure ya kompyuta, OSCAR, inayosoma kadi za mashine nyingi usiku kwa usiku.

## Barakoa na mdomo

Hewa inanipuliza machoni. Nikaze mikanda?

Hapana, na hapa ndipo wengi wetu tulipokosea. Ule mpira laini wa barakoa umetengenezwa utune kidogo, ujilaze wenyewe usoni. Ukiukaza sana unakunjamana, na kila mkunjo ni mlango wa hewa. Mume wangu alikuwa anakaza hadi asubuhi anaamka na alama nyekundu juu ya pua, na kadiri alivyokaza ndivyo alivyokoroma. Usiku mmoja nililegeza mikanda miwili ya juu, nikaivuta barakoa mbele kidogo kama kidole kimoja, nikaiachia ijilaze. Ule mlio wa birika ukanyamaza hapohapo.

Vaa ukiwa umelala, si umekaa, kwa sababu uso hubadilika ukilaza kichwa. Washa mashine, subiri msukumo upande, ndipo ukaze pande mbili kwa pamoja, mikanda ya chini kwanza, na uishie pale uvujaji unapokoma.

Nawa uso kabla ya kulala. Mafuta ya mgando, losheni, hata mawese ambayo wengine hapa kwetu hupaka ngozi ikikauka, huifanya barakoa iteleze na hulegeza mpira wake mapema. Ifute barakoa kila asubuhi kwa maji na sabuni laini. Ikishakuwa ya manjano na kulegea kama ngozi ya embe bivu, hakuna namna ya kuikaza ikashika. Ndevu nene nazo huvujisha. Zipunguze, au tafuta vijibomba vinavyokaa kwenye tundu za pua tu.

Nimesuka nywele, na mikanda haikai tena. Nifanye nini?

Urefu wa mikanda ulipimwa kwa kichwa chenye nywele fupi. Baada ya kusuka, pima upya ukiwa umelala. Kama umesukia rasta nene, zishushe kwenye kisogo, mkanda wa juu upite juu yake. Kitambaa chepesi cha kichwa chini ya mikanda kinafaa. Kilemba kinene hakifai.

Vitundu vidogo mbele ya barakoa vinatoa hewa. Nivizibe?

Usivizibe kamwe, si kwa plasta, si kwa kitambaa. Hivyo ndivyo vinavyotoa hewa chafu unayoitoa mapafuni, na ukiviziba utaivuta tena hewa uliyokwisha kuitumia. Upepo wa hapo si uvujaji na hausababishi kukoroma. Nimeshakuta barakoa imebandikwa plasta kwa nia njema kabisa, na mgonjwa kila siku anaamka na kichwa kinamuuma.

Analala mdomo wazi. Mashine itafanya kazi?

Kwa barakoa ya pua, haitafanya ipasavyo. Hewa inaingia puani, inafika kooni, inatokea mdomoni; koo linabaki bila msukumo, na mkoromo unarudi. Dalili yake asubuhi ni ulimi mkavu uliogandamana na kaakaa, na chupa ya maji iliyokwisha kabla ya jua kuchomoza.

Jiulize kwanza kwa nini anafungua mdomo. Mara nyingi pua imeziba (soma swali la mafua). Pua ikiwa safi na taya likawa linaanguka tu, upo mkanda wa kidevu unaozunguka kichwa na kulishikilia. Suluhisho ninaloliamini zaidi ni barakoa inayofunika pua na mdomo pamoja. Ni kubwa, huleta joto, lakini hewa haina pa kukimbilia.

Kuhusu kubandika plasta mdomoni: mimi siungi mkono. Mtu anaweza kutapika usiku, pua inaweza kuziba, na umeme wetu hukatika bila taarifa. Aliyevaa barakoa ya pua mashine ikizimika, mdomo ndio wa kumwokoa.

## Mpira, filta, maji na umeme

Mashine inanguruma sawa, barakoa haivuji, bado anakoroma. Nitazame wapi?

Tazama chandarua. Swali hili lina jibu la huku kwetu kabisa, na hutalikuta kwenye kijitabu cha mashine.

Jioni tunachomeka chandarua chini ya godoro. Mpira wa hewa unapita hapohapo, na godoro linaubana. Au mtu anageuka usingizini, chandarua kinavutwa, mpira unajikunja kama shingo ya kuku. Piga magoti pembeni ya kitanda, ufuate mpira kwa vidole kutoka kwenye mashine hadi usoni. Ukikuta mahali palipobanwa, hapo ndipo msukumo unapofia. Sisi tuliupitisha mpira kwa juu, upande wa kichwani, tukaufunga kwa utepe wa kitambaa kwenye fremu ya chandarua, ukabaki unaning'inia na kumfuata akigeuka. Chandarua chenyewe kikazie kuzunguka mpira. Malaria haisubiri tumalize tatizo la kukoroma.

Ukimaliza, ziba ncha moja ya mpira kwa kiganja na upulize nyingine. Ukisikia hewa inatoka katikati, umepasuka. Panya hutafuna, na mikunjo ya karibu na viungio huchanika.

Filta inahusikaje?

Ikijaa vumbi, mashine inapumua kwa shida. Kiangazi cha Tabora, vumbi jekundu likianza, itazame kila wiki. Moshi wa mkaa nao huiziba, kwa hiyo mashine isikae chumba kimoja na jiko. Filta nyeupe nyembamba haifuliwi, hubadilishwa. Ile ya sponji nyeusi ndiyo huoshwa, na irudishwe ikiwa kavu kabisa.

Maji yanalia ndani ya mpira.

Hewa yenye joto na unyevu ikikutana na mpira uliopoa hugeuka matone. Hutokea zaidi usiku wa baridi wa Juni na Julai. Punguza joto la tangi la maji, lile linaloipa hewa unyevu, weka mashine chini ya usawa wa kichwa ili maji yarudi yenyewe, na uuvishe mpira kitambaa. Matone mengi huzuia hewa na kuichanganya mashine.

Nitumie maji gani kwenye tangi? Maji ya betri yanafaa?

Watengenezaji wanataka maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvichumvi. Yakikosekana, chemsha maji ya kunywa, yaache yapoe, yabadilishe kila siku. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi na yataacha ukoko mweupe. Uloweke kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha suuza vizuri.

Maji ya betri, hapana. Kwenye maduka ya vipuri jina hilohilo hutumika kwa maji safi na pia kwa tindikali. Chupa ikikosewa, unavuta tindikali mapafuni.

Umeme ukikatika usiku?

Mashine inazimika na mkoromo unarudi. Usiendelee kulala na barakoa usoni, ivue.

Kigoma tuliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, kwa hiyo wengi wetu tumezoea kuwa na betri ya sola. Hesabu yake si ngumu. Bila joto la tangi, mashine nyingi hula wati 30 hivi. Saa 8 ni wati-saa 240. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 hubeba wati-saa 1,200, ila ya maji au ya jeli usiitumie zaidi ya nusu, isije ikafa mapema. Hapo una siku mbili. Ukiwasha joto la tangi, matumizi huweza kuzidi mara mbili. Kabla ya kuunganisha chochote soma maandishi ya adapta: mashine nyingi hutaka volti 24, nyingine 12, na ukikosea unaiunguza.

## Mipangilio ya mashine

Anakoroma nusu saa ya kwanza, kisha ananyamaza. Kwa nini?

Mashine nyingi huanza na msukumo mdogo na kupanda taratibu ili mtu asinzie bila kusongwa. Kwenye kioo imeandikwa Ramp. Anayesinzia haraka hulala msukumo ukiwa bado chini, akakoroma hadi ufike. Punguza dakika za kupanda, au izime kabisa. Hii ni ya mtumiaji mwenyewe, haihitaji daktari.

Daktari anataka kupandisha presha ya mashine. Si itanipandishia presha?

Neno moja, mambo mawili. Presha ya mashine ni nguvu ya upepo. Haiendi kwenye mishipa ya damu. Kinyume chake, kukatika kwa pumzi usiku ndiko kunakochangia presha ya damu kupanda, na tiba hii husaidia kuishusha. Nimemwona mzee mmoja wa Ujiji akikataa marekebisho miezi kadhaa kwa sababu ya neno hili tu. Ndiyo maana hapa nimesema "msukumo" kila nilipoweza.

Naweza kuupandisha mwenyewe?

Usifanye hivyo. Msukumo ukizidi, barakoa huvuja zaidi, tumbo hujaa hewa, na kwa baadhi ya watu ubongo wenyewe huacha kwa muda kuamuru pumzi. Mpelekee daktari rekodi na namba.

Mashine yake hujirekebisha yenyewe. Mbona bado anakoroma?

Hujirekebisha kati ya kiwango cha chini na cha juu kilichowekwa. Cha chini kikiachwa kwenye 4, mashine huanza kukimbiza mkoromo ukiwa umeshaanza, na kila akigeuka mbio zinaanza upya. Muulize daktari kama cha chini kipandishwe kidogo.

Nimeletewa mashine ya mtumba kutoka Ulaya.

Mambo mawili. Mipangilio iliyomo ni ya koo la mtu mwingine, kwa hiyo lazima iwekwe upya. Pili, Juni 2021 Philips ilitangaza kurudishwa kwa mamilioni ya mashine zake, zikiwemo DreamStation za mwanzo, kwa kuwa sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa inachakaa na kuweza kuingia kwenye njia ya hewa. Linganisha namba ya mashine na orodha ya kampuni kabla ya kuivuta usoni. Ukiona chembe nyeusi kwenye mpira, acha kuitumia na umwone daktari.

## Mwili wenyewe

Alikuwa ameacha kabisa. Baada ya mwaka mkoromo umerudi.

Anza na barakoa, huenda imechoka. Kisha mizani: kilo zikiongezeka, mafuta ya shingoni hubana koo na msukumo wa zamani hautoshi. Akipungua sana, barakoa hulegea na uso.

Chali au ubavu?

Ubavu. Ukilala chali ulimi hurudi nyuma. Mto mrefu unaokunja kidevu kifuani ni mbaya vilevile, na godoro lenye bonde katikati humrudisha mtu chali hata akianza ubavu. Shona mfuko mgongoni mwa fulana, tia mpira mdogo wa kuchezea, atageuka mwenyewe.

Akinywa pombe au dawa za usingizi?

Hulegeza koo, na msukumo unaotosha siku nyingine hautoshi usiku huo. Wanzuki wa Tabora, bia, yote sawa. Diazepam ni hivyohivyo. Mwambie anayekuandikia kwamba unatumia CPAP.

Mafua yameziba pua. Niache mashine?

Kama unaweza kupumua, endelea. Osha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, ongeza unyevu wa tangi kidogo. Dawa za kupuliza za kuzibua pua zisizidi siku chache, maana zikizoeleka pua huziba zaidi. Pua inayoziba mwaka mzima, au upande mmoja tu, ni ya daktari wa pua, masikio na koo.

## Yanayoulizwa mara chache

Nimehama Kigoma kwenda Tabora. Mwinuko unaharibu?

Ziwani ni mita 770 na ushee, Tabora ni kama 1,200. Mashine nyingi za sasa hujirekebisha zenyewe kwa tofauti hiyo.

Mtoto wangu anakoroma. Nimvalishe ya baba yake?

Hapana. Kwa watoto mara nyingi ni mafindofindo au nyama za nyuma ya pua. Mpeleke akaonwe.

Ni lini niache kubahatisha niende hospitali?

Ukishuhudia pumzi ikikatika huku barakoa haivuji; AHI ikibaki juu ya 5 wiki mbili mfululizo; akisinzia mchana, hasa kama anaendesha bodaboda au gari. Kifua kikiuma, midomo ikigeuka bluu au miguu ikivimba, nenda siku hiyohiyo. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni kwa Kigoma au Kitete kwa Tabora, na ubebe mashine yenyewe pamoja na barakoa, si karatasi pekee. Daktari akiiona barakoa ilivyochakaa huenda akapata jibu mezani.

Nikisafiri na mashine kwa treni?

Mwaga maji yote ya tangi na ulikaushe kabla ya kuifunga. Yakimwagikia kwenye mota mashine imekwisha. Ibebe mkononi, usiiweke kwenye mizigo. Ukilala behewani bila umeme wa kuaminika, lala ubavu, inua kichwa, na mwambie uliye naye akugeuze akikusikia.